Mgawo wa Maji Ukijulikana, Ugomvi Hukosa pa Kuanzia

Sifa zote njema ni za Allah, aliyeteremsha maji kutoka mawinguni kwa kipimo. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Sahaba zake. Ama baad:

Kuna maneno yamezoeleka sana siku hizi mikutanoni na kwenye vyombo vya habari, kwamba vita vya karne hii vitakuwa vya maji. Yamerudiwa mno hadi yamekuwa kama jambo lisilo na dawa: mvua zitapungua, visima vitakauka, watu watapigana. Maneno haya yana nusu ya ukweli. Ukame ni mtihani, na mabadiliko ya tabianchi yanauzidisha. Lakini ukizichunguza sehemu ambazo damu imemwagika kwa ajili ya maji, kisha ukazichunguza sehemu ambazo watu wameishi jangwani karne nyingi wakigawana chemchem moja, utaona kuwa tofauti yao kubwa si wingi wa mvua. Tofauti ni kama kila mwenye haki alilijua fungu lake kabla ya maji kupungua, na kama alikuwepo mtu aliyeaminiwa kulipima.

Jambo hili linatuhusu sisi wa visiwani moja kwa moja. Hatujafika kwenye mapigano, alhamdulillahi. Lakini manung'uniko yapo: mtaa mmoja unauona mwengine umependelewa, kijiji kinaiona hoteli inamwagilia majani huku kina mama wamepanga ndoo, na mwenye kisima cha kamba anamlaumu jirani yake mwenye pampu. Ugomvi huanza hivyo. Ni bora tuuzungumze ungali mdogo.

Maji yetu yanakaa wapi

Unguja haina mto mkubwa, na Pemba ina vijito tu. Sehemu kubwa ya maji tunayokunywa ni mvua ya masika na vuli iliyozama ardhini. Magharibi na katikati ya Unguja, kwenye udongo wa kina, maji hayo huhifadhika vizuri zaidi. Ndiyo maana chemchem za upande wa Mtoni na Bububu zimetegemewa na Mji tangu zama za Sayyid Barghash (1870–1888), aliyeyaleta maji mjini kwa mfereji, na ndiyo maana msitu wa Masingini unalindwa. Mashariki ya kisiwa ni maweni. Huko mvua hupenya haraka kwenye mawe yenye matundu, na wazee walichota mapangoni na kwenye visima vifupi kwa kiasi cha mkono uvutao kamba.

Chini ya maji hayo matamu kuna maji ya bahari. Maji matamu ni mepesi, basi huelea juu ya yale ya chumvi kama mafuta yaeleavyo juu ya mchuzi. Wataalamu wana kanuni ya kukadiria: kwa kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna takriban mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Igeuze kanuni hiyo uone inavyotisha. Maji yakivutwa hadi usawa wake ukashuka mita 1 na ukabaki hivyo, chumvi nayo hupanda kutoka chini kwa takriban mita 40. Kwa hiyo kisima cha pwani mara nyingi hakianzi kwa kukauka. Huanza kwa kuwa na munyu, na kikishaingia chumvi huweza kuchukua miaka kadhaa ya mvua kurudi kama kilivyokuwa.

Ongeza hapo mambo matatu. Bahari inapanda na inaisukuma chumvi kutoka pembeni. Mvua zinakuja kwa kishindo, nyingi kwa siku chache, zikateremka baharini kabla hazijazama, hasa mahali ambapo mashamba yamegeuka nyumba na saruji. Na watu wameongezeka: sensa ya 2012 ilihesabu Wazanzibari 1,303,569, na ya 2022 ikahesabu 1,889,773. Hao ni karibu watu laki sita zaidi kwa miaka 10, wote wakinywa kutoka ardhi ile ile. Mwaka 2024 peke yake, wageni walioingia Zanzibar walizidi laki saba.

Kijiji na hoteli

Mwaka 2012, taasisi ya Uingereza iitwayo Tourism Concern ilitoa ripoti kuhusu maji na utalii. Zanzibar ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizochunguzwa, katika vijiji vya Nungwi, Kiwengwa na Jambiani. Ilionekana kuwa kaya ya kawaida ilitumia wastani wa lita 93.2 kwa siku. Chumba kimoja cha mgeni kilitumia wastani wa lita 1,482, yaani karibu mara 16. Katika hoteli za nyota tano chumba kimoja kilifikia lita 3,195. Tuzingatie kwamba upande mmoja ni familia nzima, na upande wa pili ni chumba ambacho kwa kawaida hulala watu wawili. Ripoti hiyo ilieleza pia kuwa mabomba ya hoteli yaliwekewa walinzi, kwa kuhofia yasikatwe na wanavijiji wenye hasira.

Takwimu hizi ni za zaidi ya miaka 10 iliyopita, na mengi yamebadilika. Serikali imechimba visima vipya na kujenga matangi makubwa, na baadhi ya hoteli sasa husafisha maji ya bahari kwa mashine zao. Wala si uadilifu kuifanya hoteli kuwa adui, kwani vijana wetu wengi wanakula na kusomesha wadogo zao kwa mishahara ya humo.

Lakini yule mlinzi wa bomba ana somo kubwa kwetu. Bomba halilindwi kwa sababu mvua imekosekana. Linalindwa kwa sababu upande mmoja haujui upande wa pili unachukua kiasi gani, kwa kibali kipi, na hadi lini. Na chumvi inapoingia, hasara haigawiki sawa. Mwenye fedha huchimba kisima kirefu zaidi au huagiza boza. Asiyenazo hubaki na maji ya munyu, na mtoto wa kike hubeba dumu kwenda mbali zaidi kabla ya skuli. Watu huweza kuvumilia shida inayowakumba wote. Wanayoshindwa kuivumilia ni shida iliyoachiwa upande mmoja tu.

Damu kando ya mto mrefu

Anayedhani watu hupigana pale tu maji yanapokwisha, na atazame Tana, pwani ya Kenya. Tana ni mto mrefu kuliko yote nchini humo. Wapokomo wamelima kingo zake kwa vizazi, na Waorma wamefuga ng'ombe katika nyanda zinazouzunguka. Waorma ni Waislamu, na miongoni mwa Wapokomo wapo Waislamu wengi. Kiangazi kikishika, ng'ombe lazima wafike mtoni, nao hupita kwenye njia maalumu ziitwazo malka, zinazokatiza baina ya mashamba. Mgawo huo ulikaa vichwani mwa wazee. Mkulima alijua wapi asilime, mfugaji alijua wapi asipitishe mifugo, na aliyekosea alitozwa fidia.

Kisha mambo yakabadilika kwa pamoja. Mabwawa yaliyojengwa juu ya mto yaliyabadilisha mafuriko ambayo wakulima waliyategemea. Mashamba yakasogezwa, malka nyingi zikazibwa. Maeneo makubwa ya delta yakapangiwa miradi ya kilimo ya wawekezaji. Ukame wa 2011 ukawasukuma wafugaji wengi zaidi kuelekea mtoni, na wanasiasa wakaanza hesabu za uchaguzi wa 2013. Tarehe 22 Agosti 2012 kijiji cha Reketa kilivamiwa, watu zaidi ya 50 wakauawa, wengi wao wanawake na watoto. Visasi vilifuata, na hadi mapigano yalipotulia waliouawa walikuwa wamezidi 100.

Mto haukuwa umekauka. Kilichovunjika ni mgawo. Njia ya kuyafikia maji haikuwa imeandikwa popote wala kulindwa na yeyote, na wazee walioishika vichwani hawakuwa tena na nguvu ya kuitetea. Siasa na silaha zikajaza pengo.

Falaj za Oman

Upande wa pili wa bahari kuna mfano wa kinyume chake, na familia nyingi za Unguja na Pemba zina ndugu huko. Oman ni nchi yenye mvua chache mno, na haina mto unaotiririka mwaka mzima kwa urefu wake wote. Hata hivyo miji kama Nizwa imeishi kwa karne nyingi kwa falaj, yaani mifereji inayoyatoa maji chini ya milima na kuyaleta bustanini kwa mteremko tu, bila ya pampu. Oman ina falaj zipatazo 3,000 zinazofanya kazi, na mwaka 2006 UNESCO iliziingiza tano katika Urithi wa Dunia, ikiwemo Falaj Daris ya Nizwa.

Ujenzi wake unastaajabisha, lakini kwa mada yetu utaratibu wake ndio muhimu. Maji yakitoka juu hufika kwanza mahali pa kuchota ya kunywa, na hapo kila mtu ana haki, tajiri na maskini, mwenyeji na mpita njia. Kisha hufika msikitini na sehemu za kuogea, halafu ndiyo huingia kwenye mitende na mashamba. Huko mashambani hayagawiwi kwa lita, bali kwa muda. Fungu la kawaida huitwa athari, takriban nusu saa ya maji. Mchana zamu ilipimwa kwa kivuli cha kijiti, usiku kwa nyota. Yupo wakili anayesimamia falaj na yupo mjuzi wa kupima zamu. Mafungu mengine ni wakfu wa falaj yenyewe: hukodishwa kwa mnada, na fedha yake hutengenezea mfereji.

Tazama hekima iliyomo. Mwaka wa ukame mfereji huwa mwembamba, lakini nusu saa hubaki nusu saa. Kila mtu hupata maji kidogo kuliko mwaka jana, kwa uwiano ule ule na jirani yake. Hakuna anayelazimika kumwendea mwenzake kumwambia apunguze, kwa sababu upungufu umekwishagawanywa na mgawo wenyewe. Na anayekunywa hapunguziwi ili anayemwagilia anufaike. Utaratibu huo haukuletwa na ukame. Ulikuwepo kabla yake, watu wakiwa wametulia na akili zao.

Sheria ilivyotangulia

Wala Waislamu wasidhani kuwa haya ni mambo ya wahandisi peke yao. Fiqhi yetu ina mlango kamili wa haki ya maji, na msingi wake ni mafundisho ya Mtume (S.A.W.) kwamba watu ni washirika katika maji, malisho na moto.

Katika Sahihi Bukhari kuna kisa cha Zubayr bin Al-Awwam na Answari mmoja walioteta kuhusu mfereji wa maji ya mvua nje ya Madina. Shamba la Zubayr lilikuwa juu. Kwanza Mtume alimuelekeza Zubayr amwagilie kisha amwachie jirani yake, yaani alianza kwa sulhu yenye upole kwa wa chini. Answari alipoipinga na kudai kuwa hukumu ile ni ya upendeleo, ndipo Zubayr akahukumiwa haki yake kamili. Na imepokewa katika Sunan za Abu Daud kuhusu bonde jengine la Madina kwamba wa juu ayazuie maji hadi yafike vifundoni, kisha ayaachie. Kipimo hicho, kifundo cha mguu, kila mtu anacho. Hakihitaji hakimu wala ofisi, na aliye chini anaweza kupanda juu akaona kwa macho yake kama mwenzake amevuka mpaka.

Mtume amekataza pia kuzuia maji ya ziada kwa lengo la kuwanyima watu malisho yaliyoyazunguka. Anayekisoma kisa cha malka za Tana ataona jinsi katazo hilo linavyogusa wakati wetu. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu wa mwambao, mwenye kisima akishatosheka hulazimika kuwaachia ziada wenye kiu na mifugo yao, ingawa halazimiki kumwagilizia mwenzake shamba. Ama maji aliyokwishayachota na kuyaweka chomboni au tangini, hayo ni mali yake, na jamhuri ya wanazuoni wanajuzisha kuyauza. Kwa hiyo muuza maji wa boza hafanyi haramu kwa kuuza. Lililo baya ni kumfungia mlango aliye na kiu na hana cha kulipa.

Wanazuoni walizungumzia pia harimu ya kisima, yaani eneo linalokizunguka ambalo mwengine haruhusiwi kuliingilia kwa madhara. Walikhitalifu katika kiasi chake, na ipo hadithi katika Sunan za Ibn Majah inayotaja dhiraa 40. Vipimo vile vilitosha zama za kamba na ngamia. Leo pampu ya umeme huweza kuvuta chumvi ikaharibu visima vya watu walio mbali kuliko dhiraa 40 kwa mara nyingi. Ni suala linalohitaji mafakihi na wataalamu wa maji wakae meza moja: harimu ya kisima cha pampu kisiwani iwe umbali gani, na anayeharibu maji ya jirani kwa kuvuta kupita kiasi adhamini nini? Kanuni ya kuwa hakuna kudhuru wala kudhuriana ipo. Kinachosubiriwa ni kuishusha kwenye mita na lita.

Mayotte, pale mgawo ulipochelewa

Mwaka 2023 ndugu zetu wa Mayotte, ambayo Wakomoro huiita Maore, walipata msiba wa maji. Kisiwa hicho kiko chini ya Ufaransa, na kinategemea sana mabwawa mawili ya kukinga mvua, Combani na Dzoumogné. Mvua za msimu ule zilikuwa chache, mabwawa yakakaribia kukauka, na kuanzia Septemba wakazi wengi walikuwa wakipata maji siku moja tu kati ya tatu. Mwezi Novemba serikali ikaanza kugawa maji ya chupa kwa wananchi wote. Skuli ziliyumba, watu waliandamana, na katika kisiwa chenye mvutano wa muda mrefu baina ya wenyeji na wahamiaji kutoka visiwa jirani vya Komoro, kila foleni ya maji ilikuwa na maneno yake.

Mayotte ratiba ilitangazwa, na bila ya shaka ilisaidia, kwani mtu anayejua maji yatakuja Alkhamisi hupanga madumu yake. Lakini ratiba iliyotungwa bwawa likiwa tupu hugawa kiu tu. Ujenzi wa hifadhi mpya za maji ulikuwa umechelewa miaka mingi huku watu wakiongezeka. Hapa ndipo tuchukue tahadhari: mgawo wa haki hauwi mbadala wa kuhifadhi maji, na kuhifadhi maji hakuwi mbadala wa mgawo wa haki. Viwili hivi hutembea pamoja.

Tufanye nini

Kwanza ni kupima. Wapo wanaosema kuwa maji ni ya Mungu, ya nini kuyawekea mita? Zanzibar maji hayakulipiwa kwa miaka mingi baada ya Mapinduzi, na hisia hiyo inaeleweka. Lakini Surat Al-Muuminun inatufahamisha kuwa Allah mwenyewe huyateremsha maji kwa kiasi, huyatuliza ardhini, na ni Muweza wa kuyaondoa. Na ushirika usio na hesabu huishia kwa mwenye nguvu kuchukua cha mnyonge. Mita iwekwe kwenye kila kisima cha pampu, kiwe cha hoteli, cha kiwanda, cha msikiti au cha mtu binafsi. Muhimu zaidi, kina cha maji na kiwango cha chumvi visomwe kila mwezi, na matokeo yabandikwe kwa sheha na kwenye ubao wa msikiti. Mwanakijiji anayeweza kusoma namba hizo hana haja ya kudhani vibaya.

Pili ni kukubaliana mapema nani apunguze kwanza. Isingojewe kaskazi likali. Kila shehia iandike utaratibu wake wakati wa masika, na wenye hoteli wakae kwenye kikao hicho. Mpangilio wa falaj unatosha kuwa mwanzo: kunywa na kupika, hospitali na skuli, tohara na ibada, mifugo, kilimo cha chakula, na mwisho kabisa bustani za mapambo na mabwawa ya kuogelea. Kina mama wawemo, tena si kwa kuhesabiwa tu, kwani wao ndio wanaojua mfereji unatoka saa ngapi na ndoo inajaa kwa dakika ngapi.

Tatu ni misikiti kuwa mfano. Tufanye hesabu. Paa la msikiti lenye urefu wa mita 20 na upana wa mita 15 lina eneo la mita za mraba 300. Mvua ya milimita 1,500 kwa mwaka, ambayo si ya ajabu Unguja, humwaga juu yake lita 450,000. Toa sehemu moja ya tano inayopotea, zinabaki lita 360,000. Sasa tuseme watu 100 wanatia udhu kwa kila swala tano. Kila mmoja akitumia lita 5 kwa kuuacha mfereji wazi, ni lita 2,500 kwa siku, na maji ya paa yatatosha siku 144. Akitumia lita 1, ni lita 500 kwa siku, na yale yale yatatosha siku 720. Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, ambayo haifiki lita. Tukiishika Sunna hiyo, miezi minne ya ukavu baada ya masika inahitaji tangi la lita 60,000. Tukiiacha, tangi hilo halitoshi hata mwezi.

Nne ni sadaka zetu za visima. Kuwanywesha watu maji ni katika sadaka bora, na kisa cha Sayyidna Uthman (R.A.) kukinunua kisima cha Ruma na kuwaachia Waislamu kinajulikana na kila mtoto wa madrasa. Lakini siku hizi wafadhili na jamaa wa ughaibuni hutuma fedha, kisima kinachimbwa kwa wiki, kibao cha jina kinapachikwa, na baada ya miaka michache pampu imekufa na hakuna wa kununua kipuri. Vyengine huchimbwa karibu mno na pwani au karibu na kisima cha zamani, vikakiharibu kile kilichokuwa kikinywesha watu. Mwenye kutaka thawabu ya kudumu aulize kabla ya kutoa: Je, mamlaka ya maji imeidhinisha mahali hapa? Nani atasoma mita? Fedha ya matengenezo itatoka wapi? Wenye falaj walilijibu swali la mwisho kwa kutenga wakfu wa mfereji wenyewe. Nasi twaweza kutenga fremu ya duka au mikarafuu kadhaa kwa ajili ya pampu. Pengine kukifufua kisima kimoja kilichokufa, au kujenga tangi la kukinga mvua, kuna manufaa zaidi kuliko kuchimba cha kumi katika kijiji kimoja.

Tano ni mapitio ya maji. Msitu wa Masingini na maeneo mengine yanayoyapokea maji ya mvua si viwanja vilivyosahauliwa kugawiwa. Lamu wanalijua hili vizuri: maji matamu ya mji wao yamo chini ya matuta ya mchanga wa Shela, na kila nyumba inayojengwa juu ya matuta hayo inajengwa juu ya kisima cha mji mzima. Anayenunua kiwanja mahali kama hapo kwa mlango wa nyuma hanunui ardhi peke yake. Ananunua haki ya watu ambao hakuwauliza.

Haya yote yanawezekana. Mengi hayahitaji mkopo wa nje. Yanahitaji daftari, kipimo, na mtu asiyetiliwa shaka na upande wowote. Surat Al-Mulk inafunga kwa swali linaloelekezwa kwetu sote: maji yetu yakididimia chini, ni nani atakayetuletea maji yanayotiririka? Jibu la Muislamu ni Allah, Mola wa walimwengu wote. Lakini mwenye jibu hilo ulimini halafu akaiacha pampu ikivuta usiku kucha bila ya kujali kisima cha jirani, vitendo vyake vimekwenda kinyume na ulimi wake.

Tunamuomba Allah atuteremshie mvua yenye kheri, ayabakishe matamu maji yetu, na atupe uadilifu wa kugawana yanapokuwa mengi kabla hatujajaribiwa nao yanapokuwa machache. Wallahu a'lam.